Je, Wajua? Bakteria wa mnyauko huogelea, kisha huacha

Nyanya ikinyauka ghafla shambani ilhali majani bado ni ya kijani, kata shina ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikichuruzika, hao ni bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum. Wamo kwa mamilioni, na wengi wao hawaogelei tena. Wakiwa wachache udongoni, hupiga mkia kufuata asidi zinazovuja mizizini. Wakishasongamana ndani ya shina, jeni iitwayo phcA huzima mwendo na kuwasha utengenezaji wa ute unaoziba mirija ya maji. Kuna atakayedai kwamba basi kuogelea si kitu, maana kinachoua mmea ni ute. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 2001, watafiti wa Wisconsin, Marekani, walipoiharibu jeni fliC inayounda mkia. Bakteria wasio na mkia walipomwagwa udongoni, makali yao yalipungua waziwazi. Walipoingizwa moja kwa moja kwenye mirija ya mmea, waliua kama kawaida. Mwendo, basi, ni wa kuingilia tu, na jembe la palizi linalojeruhi mizizi humfupishia adui huyu safari.