Kwa nini sauti inapotea lakini simu haikatiki?

Mama aliye Kamina anaongea kwa WhatsApp na mtoto wake wa Lubumbashi. "Yaya anaumwa, nunua dawa ya…" Jina la dawa halisikiki, kisha sauti inarudi. Watu wanasema: "Rezo iko mubaya." Ni kweli, lakini kuna jambo lingine.

Simu inakata sauti vipande vidogo, kwa kawaida vipande 50 hivi kila sekunde. Kila kipande kinasafiri peke yake, mara nyingi kwa utaratibu unaoitwa UDP, ulioandikwa mwaka 1980. UDP haidai risiti: kipande kikipotea njiani, hakitumwi tena.

Kule kinakofika, programu haikai kungoja. Inauliza: "Kuna kitu?" Ikijibiwa "bado", inaendelea na kazi nyingine, halafu inauliza tena. Wakazi wa Kamina, mji wa njia panda ya reli, wanajua jambo hili: treni moja ikikwama kwenye reli, zote za nyuma zinasimama. Programu ingengojea kila kipande kilichopotea, mazungumzo yote yangekwama hivyo hivyo. Basi inaruka pengo na kuendelea.

Ujumbe wa kuandika una utaratibu mwingine. Unadai risiti, na ukipotea unatumwa tena mpaka ufike, hata kwa kuchelewa.

Kwa hiyo salamu ziende kwa sauti. Lakini jina la dawa, hesabu ya pesa na namba ya simu, afazali kuviandika.