Kubandua Silinda Hedi Iliyoshika

Gari la Peugeot 504 lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, likaunganishwa Kenya kwa miaka mingi, na mwaka 1975 likashinda mashindano ya Safari Rally. Sifa yake ilikuwa uvumilivu wa barabara mbaya. Hata hivyo injini yake humwadhibu fundi aliye peke yake mbali na karakana, hasa fundi mwenye nguvu nyingi na subira haba.

Bloku ya injini hiyo ni ya chuma cha kusubu; silinda hedi ni ya alumini. Maji ya kupoza injini hupita katika zote mbili. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvichumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea huhitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo hujibana katika kila upenyo. Gasketi nayo, iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa miaka mingi, huganda kama gundi. Ndipo bolti zote hutolewa na hedi isitikisike, ingawa uzito wake peke yake usingemshinda mtu mmoja.

Wengine hurudishia plagi na kuzungusha injini kwa stata ili mbano wa hewa uisukume hedi juu. Kwa hesabu, hila hii yavutia. Katika injini ya sentimita za ujazo 1,971, kipenyo cha silinda ni milimita 88, yaani eneo la sentimita mraba 61 hivi. Kanieneo ya baa 8 juu ya eneo hilo hutoa kani ya karibu nyutoni 4,900, sawa na uzito wa magunia matano ya kilo 100. Katika injini ambayo silinda zake zimechongwa ndani ya bloku yenyewe, hila hiyo yaweza kufaa. Katika 504 ni hatari. Hapa kila silinda ni silivu, yaani mwanzi wa chuma uliosimamishwa ndani ya maji, ukiwa na sili nyembamba chini yake. Kinachouzuia usipande ni hedi tu. Bolti zikishalegea, pistoni inayopanda huweza kuukokota mwanzi huo; vivyo hivyo hedi ikivutwa wima ikiwa bado imegandamana nao. Sili ikiachia, maji huingia katika oili, na kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya kushusha injini nzima.

Basi hedi haivutwi juu, bali huyumbishwa. Anayebandua chapati iliyoshika kikaangoni huanzia ukingoni, kwa sababu kani yote huelekezwa kwenye ukanda mwembamba badala ya kugawanywa juu ya eneo zima. Fundi huzilegeza bolti injini ikiwa baridi kabisa, maana alumini ya moto hupinda, naye huanzia nje kuelekea katikati, kidogo kidogo. Kisha huingiza nondo mbili imara katika matundu ya bolti, moja kila mwisho wa hedi, na kuzivuta kuelekea kwake. Nondo hizo ni nyenzo. Mvuto wa nyutoni 200 katika kimo cha sentimita 50, ukiwa na egemeo kwenye ukingo wa karibu, huwa nyutoni 500 katika ukingo ulio sentimita 20 ng'ambo. Mlio mkavu ukisikika, gasketi imeachia. Bisibisi isipigiliwe kamwe kati ya hedi na bloku: alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja watosha kupitisha maji baadaye.

Mara hedi itokapo, silivu hufungwa kwa bolti na washa nene zinazokanyaga kingo zake, na krenki isizungushwe kabla ya hapo. Gasketi ya zamani nayo isitupwe upesi. Mahali ilipoungua kati ya silinda mbili, au ilipolika kandokando ya tundu la maji, ndipo pa kuwekea rula iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kutazama kama mwanga wapenya chini yake.