Wachunguzi wa viluwiluwi walivyofumbua siri ya kinga ya mwili

Asidia ni mnyama wa baharini asiye na mvuto wowote: kifuko kilichoganda mwambani, kazi yake kuvuta maji na kuyatema. Wataalamu wa zamani walimweka kundi moja na konokono na chaza, wakaona yamekwisha. Alexander Kovalevsky, kijana Mrusi wa miaka ishirini na ushei, hakuridhika. Alianza na yai. Alilifuatilia kwa hadubini likigawanyika, mpaka akatokea kiluwiluwi mwenye mkia, anaogelea. Ndani ya mkia mlikuwa na mhimili laini, na juu yake neva kuu, mpangilio uleule wa kiinitete cha samaki, kuku na binadamu. Kiluwiluwi akishajibandika mwambani, mkia hunywea na ushahidi hupotea. Kovalevsky alichapisha habari hizo mwaka 1866. Kumbe asidia yuko karibu na sisi kuliko na chaza! Darwin aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu.

Mzee wa fani ya uchunguzi wa viinitete nchini Urusi, Karl von Baer, mgunduzi wa yai la mamalia (1827), hakukubaliana na Darwin wala na tafsiri ya Kovalevsky. Hata hivyo, tuzo yenye jina lake ya mwaka 1867 walipewa Kovalevsky na rafiki yake, Ilya Mechnikov.

Mechnikov hakuwa daktari, wala hakuanza kwa kutafuta siri ya kinga. Alikuwa akitafuta ni chembe zipi za kiinitete humeng'enya chakula. Mwaka 1882, mjini Messina, familia yake ilikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na hadubini yake. Aliona chembe zikitembeatembea ndani ya kiluwiluwi wa kiti cha pweza, mwili wake angavu kama kioo. Akajiuliza: je, hazimli pia adui anayeingia? Akamchoma kwa miiba ya waridi. Asubuhi, chembe zilikuwa zimeizingira miiba.

Akadai kwamba chembe hizo ndizo kinga; wapinzani wake walishikilia kwamba kinga imo katika majimaji ya damu. Mwaka 1908 aligawana Tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich wa upande huo, na kwa kweli wote walikuwa sahihi: kingamwili zilizomo katika majimaji hayo huvitia alama vijidudu, chembe zikavimeza.

Daktari akikuandikia kipimo cha picha kamili ya damu, baadhi ya chembe nyeupe zinazohesabiwa pale, hasa neutrofili na monosaiti, ni walaji walewale wa Mechnikov.