Jina la Mbwa Husikiwa na Mtaa Mzima

Mwaka jana, baada ya kuibiwa mbuzi wawili na nazi zisizo na hesabu katika shamba letu nyuma ya Takaungu, tulikata shauri kufuga mbwa. Nasema tulikata shauri, lakini maneno yalikuwa mengi. Mama alisema nyumbani kwake Mombasa mbwa hatakanyaga, na hapo hapakuwa na mjadala. Ami yangu akatukumbusha kwamba mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa katika hadithi za Mtume (SAW), na anayepunguziwa thawabu zake kila siku ni yule anayefuga bila haja. Basi mbwa akaja, kijibwa cha miezi mitatu hivi, rangi ya udongo, masikio makubwa kuliko kichwa. Chombo chake mbali, banda lake mbali, na kazi yake moja: usiku asilale.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni jina. Tulimwachia mpwa wangu, ambaye alikuwa likizoni shambani na ndiye aliyemlisha. Akampa jina la mtu. Sitalitaja hapa, maana kulitaja ni kurudia kosa lile lile mbele ya watu wengi zaidi. Ni jina zuri, la kizee, ambalo siku hizi hulisikii sana kwa watoto, na kijana aliliona linachekesha. Hakujua kwamba jirani yetu wa mpakani, mzee wa makamo ya marehemu babangu, babake mzazi aliitwa hivyo hivyo.

Kila jioni kijana alisimama penye minazi na kupaza sauti: fulani, njoo ule! Fulani, toka hapo! Fulani, nitakuchapa! Na shamba la nazi halina kuta. Sauti hupita.

Yule mzee hakuja kugombana. Aliacha tu kukatiza njia ya shambani kwetu, akawa azunguka mbali. Mimi, ambaye huenda huko mwisho wa wiki tu, sikutambua kitu. Ijumaa moja tukakutana mlangoni pa msikiti, nikamsalimu. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbwa wenu amekula?"

"Amekula, mzee."

"Alhamdulillahi. Maana kila magharibi namsikia babangu akiitwa kula."

Sikuwa na la kusema. Nilirudi shambani nikakaa juu ya kifuu cha jiwe pale kisimani, nikaanza kufikiri kuhusu kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maishani: mbwa aitwe nani?

Huku kwetu jina si la mtu mmoja. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, na mzee akimwita mjukuu wake huwa amwita pia aliyetangulia. Wenzetu Wagiriama wana utaratibu wao wa kurithisha majina ya mababu kwa wajukuu, kwa hivyo ukimwita mbwa wako Katana au Karisa hujamcheka mtu mmoja, umegusa ukoo mzima, wazima na wafu. Hata hili la kuwaita mbwa Bosco, ambalo limeenea Kenya nzima, nina mwenzangu kazini anayeitwa Bosco na kila akisikia mtu akimfokea mbwa wake hugeuka. Anacheka, lakini hugeuka. Na katika lugha yetu kumwita mtu mbwa ni tusi la kupeleka watu kwa chifu. Sasa kumpa mbwa jina la mtu ni tusi lile lile likiingia kwa mlango wa nyuma.

Wako wanaofanya hivyo kusudi. Watu wa Pwani tumezoea kusema kwa mafumbo. Tunasema kwa leso, mke akavaa maneno yake kiunoni na jirani akayasoma. Tunasema kwa majina ya vyombo vya baharini na ya matatu. Na nimewasikia watu wakisema kwa mbwa vilevile: mtu amegombana na shemeji yake juu ya mpaka, ananunua mbwa na kumwita Utachoka au Wataisoma, kisha kila jioni anamwita mbwa huku uso ameuelekeza kwa shemeji. Leso ukiichoka waifua ukaiweka. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na ugomvi unaweza kwisha kabla yake. Siku mnapatana, mnakunywa kahawa barazani, mbwa anapita, na lazima umwite.

Wengine walinishauri jina la dini. Mtume (SAW) mwenyewe wanyama wake walikuwa na majina, ngamia Qaswa na nyumbu Duldul, kwa hivyo kumpa mnyama jina si mambo ya Wazungu kama wengine wanavyodhani. Lakini majina hayo kumpa mbwa moyo wangu ulikataa. Akaja mmoja na pendekezo la Kitmiri. Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini mwa pango waliposinzia wale vijana. Qur'ani haimpi jina. Ni wafasiri na wasimulizi ndio waliomwita Qitmir, na neno lenyewe limo katika Sura ya Fatir likiwa na maana ya kile kigozi chembamba cha kokwa ya tende. Ni jina lenye heshima kwa mbwa mlinzi, na kwa muda nililipenda. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili kitimiri ni pepo mbaya. Nilipomwambia mlinzi wetu kwamba usiku akisikia kishindo amwite Kitimiri, aliniangalia kama mtu aliyeomba kuachishwa kazi. Tukaliacha.

Halafu kuna upande wa mbwa mwenyewe, ambaye haelewi maana wala heshima. Yeye husikia sauti tu. Jina lamfaa likiwa fupi, silabi mbili, na liwe na herufi zinazokata, kama k, t, ch, s, zisizopotea ndani ya upepo na mawimbi. Jina refu lapendeza kwenye kadi lakini usiku utalikata, na kila mtu atalikata kwake: mmoja asema Mshi, mwingine Shindi, na mbwa asijue ni nani.

Lisifanane na amri utakazompa. Hili vitabu vya ufugaji vya Kiingereza huvieleza kwa maneno ya Kiingereza, wala havitusaidii sisi tunaomwambia mbwa kaa, njoo, lala, toka, acha, simama. Nilikaa na kalamu nikaanza kuyafuta. Jojo yagongana na njoo. Lulu yafanana mno na lala. Toto na toka. Na Simba, jina ambalo nadhani nusu ya mbwa wa kaunti hii wanalo, laanza sawasawa na simama, ukiwa una haraka mbwa hajui umemwita au umemzuia. Zaidi ya hayo, ukiita Simba upande ule wa kwetu wanakuja watatu, na wako hayumo.

Mpwa wangu, akijaribu kutengeneza mambo, alisema basi aitwe Dafu, kwa kuwa analinda nazi. Jina fupi, halimtusi mtu. Ila siku ya kwanza mkwezi akiwa juu ya mnazi na watu chini wakipiga kelele dafu! dafu! maskini mbwa alikimbia kila upande, na dafu moja likaanguka hatua mbili tu kutoka alipokuwa. Jina ambalo kazi ya mahali pale inalitaja siku nzima si jina.

Mwishowe nikafanya lililokuwa lifanywe mwanzo. Nikaenda kwa yule mzee, na kijana nyuma yangu. Kijana akamwamkia, akaomba radhi. Mzee akamwambia yamepita, wewe ni mtoto. Nikamwambia, mzee, tumekosa na jina tumelitoa, lakini mbwa hana jina na wewe ndiye unayemsikia zaidi yetu sote. Mpe wewe.

Akafikiri kidogo. Akauliza mbwa alikuja lini. Nikamwambia mwezi wa Julai. "Basi alikuja na kusi," akasema. "Mwiteni Kusi. Nao huvuma usiku kucha."

Kumbadilishia mbwa jina si kazi ngumu kama watu wanavyodhani, ila yataka nyumba nzima ikubaliane. Kwa siku chache tulimwita jina jipya mara moja tu, kwa sauti ya furaha, na alipogeuza kichwa akapata kipande cha ng'onda. Si kumwita mara kumi mfululizo, maana hapo anajifunza kwamba mara tisa za mwanzo hazina maana. La zamani likafungiwa kabisa, asilisikie kwa mtu yeyote. Na hili nililisisitiza kwa kijana: jina halitumiwi kumkemea. Mbwa akiitwa apigwe, kesho ukimwita anakuja kwa tumbo chini, au haji, na usiku wa wezi ndio utakapojua hasara yake. Ukitaka kumkataza sema acha, jina liweke kwa kula na kwa kuja. Wiki mbili zilitosha.

Jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo yarudiwa kila mwaka. Serikali imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo kufikia 2030, na mbwa wa mashambani kama huyu, anayezunguka na kukutana na mbwa koko, ndiye wa kuanza naye. Mtoto wa jirani akiumwa, aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na apelekwe hospitali papo hapo. Swali litakalofuata ni mbwa gani na ana chanjo au hana. Mbwa mwenye jina lake peke yake anajulikana. Hao Simba watatu itabidi mkisie.

Jina la Kusi nalo lina kasoro. Kila nikimwambia mtoto usiende huko, usiguse, mbwa ananyanyua masikio, maana asikia usi na kudhani ni zamu yake. Nimemweleza mzee. Amesema hilo halimhusu, nimfunze mtoto kusikia mara ya kwanza. Siku hizi amerudi kukatiza njia ya shambani kwetu, na nikiwa Mombasa mlinzi huniambia kwamba jioni, kabla ya kijana kutoka na chombo, sauti ya kwanza kumwita mbwa yatoka ng'ambo ya mpaka.