Kampuni Inaponunuliwa kwa Deni Lake Yenyewe

Serikali zetu, huku Ghuba na kule Afrika Mashariki, zinaendelea kuuza mashirika ya umma. Kabla ya kuuliza kauziwa nani, tuulize: fedha ya kununulia imetoka wapi?

Chukua mfano wa duka la riyali 100,000. Mnunuzi ana 20,000 tu. 80,000 anakopa benki. Lakini deni haandiki katika daftari lake. Analiandika katika daftari la duka, na duka lenyewe ndilo rehani. Duka likipata faida ya 12,000 kwa mwaka na mkopo ukitaka 10,000, mambo yanakwenda. Faida ikishuka hadi 8,000, bidhaa zinapungua na wafanyakazi wanaachishwa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Jamaa zetu wasemao Kiswahili walioko Buffalo, Louisville na Columbus wanaishi katika miji iliyoyaona haya. Houdaille, kampuni ya viwanda iliyokulia Buffalo, ilinunuliwa mwaka 1979 na KKR kwa zaidi ya dola milioni 350, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Uchumi ulipodorora, ikalazimika kuuza baadhi ya vitengo vyake. Louisville ndiko yalikokuwa makao makuu ya Kindred, kampuni ya hospitali na uuguzi. Mwaka 2018 ilinunuliwa na wawekezaji kwa takriban dola bilioni 4.1, madeni yake yakihesabiwa humo.

Columbus ni mfano wa mali ya serikali hasa. Jimbo la Ohio lilikuwa na haki ya peke yake ya kuuza pombe kali kwa jumla. Mwaka 2013 haki hiyo ilikodishwa kwa miaka 25 kwa JobsOhio, shirika lisilo la kutafuta faida, lililouza hatifungani na kuilipa serikali dola bilioni 1.4. Hatifungani hizo hulipwa kwa mapato ya biashara ileile. Jimbo likapata fedha nyingi siku moja, likaachia mapato ya kila mwaka.

Hatari inakuwa kubwa pale ambapo usimamizi ni dhaifu. Mwaka 1997 Uganda iliuza asilimia 49 za Benki ya Biashara ya Uganda, UCB, kwa Westmont ya Malaysia kwa dola milioni 11. Ikabainika kwamba nyuma ya Westmont kulikuwa na Greenland, na UCB ilikwisha kutoa mikopo mikubwa kwa makampuni yenye uhusiano na Greenland hiyo. Benki Kuu ikaingilia, na mwaka 2002 asilimia 80 zikauzwa kwa Stanbic. Waliokuwa hatarini ni wenye akiba, wala hawakuulizwa.

Oman imepita njia nyingine: mwaka 2023 asilimia 49 za kampuni ya mabomba ya gesi ya OQ ziliuzwa kwa hisa katika soko la Muscat, na mwaka 2024 asilimia 25 za kampuni ya mafuta na gesi. Mnunuzi wa hisa huleta fedha yake, na deni la kuinunulia halimo katika vitabu vya kampuni.

Kwa hiyo shirika likiuzwa, wazazi na vijana, ulizeni matatu: mnunuzi kaweka kiasi gani chake mwenyewe? Mkopo umeandikwa kwa jina la nani? Na mwaka mbaya ukija, nani atalipa kwanza: mnunuzi, wafanyakazi, au mwenye akiba?