Jina la Kiairishi kwa mtoto wa kiume: ugumu hauko kwenye maana

SI ajabu katika miji ya Afrika Mashariki kuingia darasani ukawakuta akina Brian watatu, Kevin wawili na Patrick mmoja, na nyumbani kwao wakawa na mdogo wao aitwaye Ryan au Liam. Wazazi wengi waliyachagua majina hayo kwa sababu yanapendeza masikioni, au waliyasikia kwenye filamu, au yaliwafikia kupitia kanisani na shuleni. Ni wachache wanaofahamu kwamba yote yalienea duniani kutoka kisiwa kimoja chenye mvua nyingi kilichoko magharibi ya Uingereza, yaani Ireland.

Njia mojawapo ya majina hayo kutufikia inajulikana. Masista wa Loreto walifika Kenya kutoka Ireland mwaka 1921, na baada yao walikuja mapadri, mabruda na walimu wengi. Bruda Colm O'Connell, aliyefika katika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, ndiye aliyekuja kumnoa David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800. Hapo pekee tayari tuna majina mawili ya Kiairishi: Patrick kwenye lango la shule na Colm kwa mwalimu. Colm maana yake ni njiwa.

Kwetu sisi majina haya ni mepesi. Kwa mzazi wa Dublin, Cork au Belfast mambo ni tofauti, kwani jina analompa mwanawe lina ndani yake swali lililoulizwa kwa karne kadhaa: je, mtoto aandikwe kama wazee wake walivyojiita, au kama karani wa serikali alivyozoea kuwaita?

Tuanze na herufi, maana hapo ndipo wageni hukwama. Alfabeti ya jadi ya Kiairishi ina herufi 18 tu. Haina j, k, q, v, w, x, y wala z. Kwa hiyo Kevin tunayemfahamu hawezi kuandikwa kwa herufi za asili za lugha iliyomzaa, kwa sababu K haimo na V haimo. Huandikwa Caoimhín. Herufi C katika Kiairishi husomwa K siku zote, na herufi m ikifuatwa na h hutoa sauti ya v au w. Ndivyo ilivyo pia kwa b ikifuatwa na h. Zamani badala ya hiyo h waandishi waliweka nukta juu ya herufi. Katikati ya karne ya 20, mwandiko wa kale ulipoachwa na herufi za Kilatini zikashika nafasi yake, nukta ikageuzwa kuwa h, na majina yakarefuka ghafla.

Herufi d na g zikifuatwa na h katikati ya neno mara nyingi humezwa. Th hubaki h tupu. S ikikaa jirani na e au i huwa sh. Kwa hiyo Domhnall husomwa Donal, Cathal husomwa Kahal, Eoghan hukaribia Owen, Séamus huwa Sheimas na Oisín huwa Oshiin. Tadhg, ambalo likiandikwa humtisha kila mgeni, ni silabi moja tu: Taig. Irabu nyingine hazitamkwi kabisa. Zimewekwa mfano wa askari wa barabarani, kuielekeza konsonanti iliyo jirani itamkwe kwa namna gani.

Sisi tuliozoea lugha inayosomwa jinsi ilivyoandikwa tunaweza kudhani huu ni mzaha. La hasha. Tahajia ya Kiairishi ina utaratibu unaoeleweka kuliko ile ya Kiingereza, na aliyejifunza kanuni zake chache husoma karibu kila jina bila kusaidiwa. Taabu ni kwamba watu wengi hulisoma jina la Kiairishi kwa kanuni za Kiingereza, kisha hulaumu jina. Cillian Murphy, mwigizaji aliyetwaa tuzo ya Oscar mwaka 2024 kwa filamu ya Oppenheimer, jina lake huanza na K wala si S, lakini wako wanaoendelea kumwita Silian.

Halafu kuna kile kistari cha mshazari kinachokaa juu ya irabu. Wenyewe hukiita fada, yaani ndefu, na kazi yake ni kuirefusha irabu. Si pambo. Seán mwenye fada ni jina la mtu. Sean bila fada ni neno la kawaida la Kiairishi lenye maana ya mzee au kuukuu. Rían, jina ambalo katika miaka ya karibuni limepanda na kuwa miongoni mwa yanayopendwa sana nchini humo, huhusishwa na rí, yaani mfalme. Ukiondoa fada unabaki na rian, neno lenye maana ya alama au nyayo. Mzazi asiyekuwa makini humwandikisha mfalme akarudi nyumbani na nyayo.

Sasa, ni majina yapi hasa ni ya Kiairishi? Hapa wengi hushangaa. Seán, ambalo dunia nzima hulichukulia kuwa kielelezo cha Uairishi, si la asili ya kisiwa. Ni Yohana aliyeletwa kwa Kifaransa na Wanormani, waliovamia kuanzia mwaka 1169. Liam ni kifupi cha Uilliam, yaani William, jina la Kijerumani lililokuja kwa njia hiyo hiyo. Séamus ni Yakobo. Lakini miaka mia nane ni mingi, na sioni kwa nini mtu amnyime Seán uraia.

Hata Pádraig, jina la mtakatifu msimamizi wa nchi, lina mizizi ya Kilatini, Patricius. Tena kwa karne nyingi Waairishi waliliogopa kwa heshima na hawakulithubutu kwa watoto wao. Walimwita mtoto Giolla Phádraig au Maol Phádraig, yaani mtumishi wa Patrick, kwa fikra isiyo mbali na ile ya majina yetu ya pwani yanayoanza na Abdu. Baadaye woga ukaisha, wakawa wengi kiasi kwamba huko Uingereza kifupi chake, Paddy, kikawa jina la kejeli kwa kila Mwairishi.

Majina ya asili kabisa ni mengine: Niall, Cormac, Conall, Cian, Aodhán, Ciarán, Rónán, Fionn. Baadhi yana maana iliyo wazi. Fionn ni mweupe au mwenye nywele za rangi ya dhahabu, Ciarán ni mweusi mdogo, Rónán ni sili mdogo, yule mnyama wa baharini, na Oisín ni kulungu mdogo. Aodhán hutokana na Aodh, neno la kale la moto. Mengine maana yake imepotea au wataalamu hawajaafikiana, na Diarmuid ni mojawapo. Hivyo basi vitabu na tovuti zinazodai kwamba kila jina la Kiairishi maana yake ni "shujaa hodari" zisomwe kwa tahadhari.

Katika hadithi za kale Oisín ni mwana wa Fionn, na mwana wa Oisín ni Oscar. Huyu mjukuu alisafiri kuliko wote. Katika miaka ya 1760 Mskoti James Macpherson alichapisha tungo alizodai ni za mshairi Ossian, ambaye ndiye Oisín, nazo zikapendwa kote Ulaya. Miongoni mwa waliozipenda alikuwa Napoleon, na mtoto wake wa ubatizo, mwana wa Jemadari Bernadotte, akapewa jina Oscar. Bernadotte akaja kuwa mfalme wa Sweden, na mwaka 1844 mwanawe akarithi kiti kama Oscar wa Kwanza. Ndivyo jina la mpiganaji wa hadithi za Kiairishi lilivyogeuka kuwa la kifalme huko Skandinavia. Dublin nako, mwaka 1854, alizaliwa Oscar Wilde, ambaye wazazi wake walimwongezea Fingal na O'Flahertie ili pasiwe na shaka yoyote.

Lakini kuna sababu ya historia inayofanya wazazi wa leo wabishane juu ya nukta na vistari. Kuanzia mwaka 1831 serikali ya Uingereza ilifungua nchini humo shule za umma ambamo mafundisho yalitolewa kwa Kiingereza. Kisha ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine kiasi hicho hicho ng'ambo, na waliopigwa zaidi ni watu wa vijijini waliozungumza Kiairishi. Usajili wa vizazi kwa watu wote ulipoanza mwaka 1864, karani alikuwa na kitabu cha Kiingereza mbele yake. Baba alipotaja jina, karani aliandika lililofanana nalo, au hata lisilofanana.

Ndipo Tadhg akawa Timothy, Diarmuid akawa Jeremiah, Conchobhar akawa Cornelius, Cathal akawa Charles, Aodh akawa Hugh. Majina haya ya Kiingereza si tafsiri. Hayana undugu wowote na yale yaliyoyatangulia. Mtu aliishi na majina mawili, la jikoni kwa mama yake na la kwenye karatasi. Ukoo nao ulipoteza viambishi vyake. Ó maana yake ni mjukuu au mzao wa, na Mac ni mwana wa, sawa na bin ya kwetu. Familia nyingi zilivitupa ili zionekane za kistaarabu, na baadaye wengine wakavirudisha.

Mwaka 1893 kiliundwa Conradh na Gaeilge, chama cha kufufua lugha, na watu wakaanza kuyarejesha majina yao. Mmoja wao alizaliwa New York mwaka 1882 akakulia Ireland kwa jina la Edward. Baada ya kujifunza Kiairishi akajiita Éamon, na dunia ikamfahamu kama Éamon de Valera, waziri mkuu na hatimaye rais. Tusisahau kwamba Éamon nalo chimbuko lake ni jina la Kiingereza, Edmund.

Katika Ireland ya Kaskazini uchaguzi huu ulikuwa na makali zaidi. Huko jina lilimtambulisha mtu upande wake kabla hajafungua kinywa. Séamus alihesabiwa Mkatoliki, Billy alihesabiwa Mprotestanti, na katika miaka ya machafuko, hadi mkataba wa amani wa 1998, kutambuliwa vibaya katika mtaa usio wako kungeweza kugharimu uhai. Ubaguzi katika ajira ulifika mahali ambapo sheria ya kuuzuia ilipitishwa mwaka 1976 na kuimarishwa mwaka 1989. Jina Tadhg lenyewe liligeuzwa tusi, Taig, la kuwaita Wakatoliki wote. Leo Tadhg limerudi kwa nguvu katika orodha za watoto wachanga, na nadhani hakuna njia bora ya kulinyang'anya tusi meno yake.

Hali ikoje sasa? Kwa mujibu wa Ofisi Kuu ya Takwimu ya Ireland, kuanzia mwaka 2007 na kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata, jina lililoongoza kwa wavulana ni Jack, isipokuwa mwaka 2016 lilipopitwa na James. Majina ya Kiairishi yalikuwa nyuma yake katika miaka hiyo, lakini yanayopanda ni yale yale yaliyoaminiwa kuwa magumu: Rían, Oisín, Tadhg, Cillian, yenye tahajia kamili. Desturi ya zamani, ambayo Wakikuyu wataitambua mara moja, ilimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Siku hizi imelegea, ingawa jina la babu bado hupewa nafasi ya pili.

Mzazi anayefikiria jina la namna hii, awe Galway, Boston au Nairobi, ana njia tatu. Anaweza kuchukua tahajia kamili na kukubali kwamba mwanawe atawafundisha watu maisha yake yote. Anaweza kuchukua tahajia ya Kiingereza, Kevin badala ya Caoimhín au Rory badala ya Ruairí. Au anaweza kutafuta jina linalosomeka kila mahali bila kuguswa: Niall, Cormac, Fionn. Ya tatu ndiyo ningempendekezea aishiye ugenini, mradi alitamke pamoja na jina la ukoo kabla ya kuamua. Niall O'Neill, kwa mfano, maana yake ni Niall mzao wa Niall.

Kwa wanaoishi Ireland kwenyewe, kizazi husajiliwa ndani ya miezi mitatu, na tahajia iandikwayo siku hiyo ndiyo itakayofuata shuleni, hospitalini na benki. Kwa muda mrefu kompyuta za taasisi nyingi zilishindwa kuipokea fada. Ziliiacha, au ziliibadilisha kuwa alama zisizoeleweka katikati ya jina. Sheria ya lugha rasmi iliyorekebishwa mwaka 2021 imezitaka mamlaka za umma ziyaandike majina ya Kiairishi kwa usahihi, pamoja na fada. Haizifungi kampuni za ndege za nchi nyingine. Na katika mistari ya chini ya ukurasa wa pasipoti, ile inayosomwa na mashine, kanuni za kimataifa zinaruhusu herufi A hadi Z pekee, kwa hiyo hata Seán aliyesajiliwa kwa uangalifu wote humo huandikwa SEAN.