Kusawazisha Upya Nadharia za Geji katika Anga Iliyopotolewa

Mtaalamu wa fizikia akihesabu jinsi chembe ndogo zinavyoathiriana, mara nyingi hupata jibu lisilo na kikomo, hali kila kipimo cha maabara kina kiasi chake. Dawa yake ni kusawazisha upya: wingi huo huingizwa ndani ya viwango vichache, kama tungamo na chaji ya elektroni, navyo hupewa thamani zilizopimwa. Lakini kila hesabu mpya ikidai kiwango kipya, nadharia haiwezi kutabiri lolote. Mwaka 1971 Gerard 't Hooft alionyesha kwamba nadharia za geji, zielezazo nguvu zilizo baina ya chembe, husawazika kwa viwango vichache.

Supasimetria huoanisha chembe za namna mbili, bosoni na fermioni. Humo anga ya kawaida huongezewa vipimo vigeni: viwili vikizidishwa na mpangilio wao ukageuzwa, jibu hugeuka alama, na kimoja kikizidishwa kwa chenyewe huwa sifuri. Mwaka 2003 Nathan Seiberg aliichunguza anga ambamo sheria hiyo imepotolewa kwa nusu ya vipimo hivyo. Pahali pa sifuri pakawa na kiasi kisichobadilika. Nusu ya supasimetria ilivunjika, nusu ikabaki.

Kizio cha kiasi hicho ni kinyume cha tungamo, na kwa desturi viwango vya namna hiyo huzaa kasoro zisizokwisha. Hapa sivyo. Kwa kawaida kila neno la mlinganyo huandamana na mwenzi wake. Maneno yaletwayo na upotofu huu hayana wenzi, basi kasoro zenyewe huwa chache. Mwaka huo huo Lunin na Rey walitoa hoja kwamba nadharia hiyo husawazika.

Hata hivyo ina gharama. Mwaka 2005 Jack, Jones na Worthy walionyesha kwamba haitoshi kuzidisha kila uga kwa namba. Uga wa fermioni iliyo mwenzi wa chembe ya geji hauna budi kufafanuliwa upya kwa kuuchanganya na nyuga nyingine. Tena kundi la U(N) halidumu zima: sehemu ya SU(N) na ya U(1) kila moja hudai nguvu yake.

Zaidi ya hayo, nadharia hii husimama tu katika anga ambamo wakati huhesabiwa sawa na urefu. Kwa hiyo haielezi ulimwengu uonekanao. Faida yake ni kuonyesha kwamba kuhesabu vizio peke yake hakutoshi kuikataa nadharia.